Ndege ya vita iliyoangukia kwenye mkonge: ya wakati wa Mjerumani au ya wakati wa Hitla? Wenyeji wa Tanga, Muheza na Pangani, karibuni

#1 MzaliwaWaMuheza

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Kwetu kuna ubishi ulioanza kabla sijazaliwa. Bibi yangu mzaa mama anasema alipokuwa kigoli walitoroka na wenzake kwenda kuchungulia ndege ya vita iliyoanguka kwenye mkonge, upande wetu huku kama unaelekea Pongwe. Anasema haikuwa ndege tena, imebaki mifupa. Watoto wakubwa wakawa wanabembea juu yake mpaka nyapara akaja na fimbo.

Mjomba anasema bibi kachanganya mambo. Kwake yeye ile ni ndege ya Mjerumani, ya Vita vya Kwanza, na anaye shahidi: babu yake, aliyechukuliwa na Waingereza kubeba mizigo ya jeshi mpaka Handeni, ndiye aliyesimulia habari ya ndege kuangukia shambani. Wakikutana hawa wawili, iwe harusi au arobaini ya mtu, ndege lazima irushwe upya.

Sitafuti suluhu ya kifamilia, nataka kujua ilikuwa ndege gani. Naweka niliyoyapata, nanyi mwongeze.

Kwanza hilo la "ndege ya Mjerumani". Vita vilipoanza Agosti 1914, koloni zima lilikuwa na ndege moja tu. Rubani wake, Bruno Büchner, alikuwa amekuja Dar es Salaam kwa ajili ya maonyesho makubwa yaliyopangwa mwezi huohuo. Kabla mwaka haujaisha ile ndege ilikuwa imeshakwisha kazi. Baada ya hapo Mjerumani hakuwa na kitu angani. Novemba 1917 walijaribu kumletea kamanda wao wa huku, von Lettow-Vorbeck, dawa na risasi kwa puto kubwa la injini, Zeppelin L59, lililotoka Bulgaria. Likafika juu ya Sudan likaitwa lirudi. Na vita ya Tanga yenyewe, Novemba 1914, ile ya askari Wahindi wa Mwingereza kutimuliwa na nyuki, haikuwa na ndege upande wowote.

Kwa hiyo mzee akisema "ndege ya Mjerumani" mimi nasikia "ndege ya wakati wa Mjerumani", na hiyo ni lazima iwe ya Mwingereza. Hizo zilikuwepo. Mwanzoni mwa 1916 kikosi cha 26 cha ndege za Uingereza, wengi wao vijana wa Afrika Kusini, kilishushwa Mombasa na ndege aina ya BE2c na Henri Farman. Smuts, jenerali wa Mwingereza, alipoteremka na jeshi lake kufuata reli na mto Pangani, Mei na Juni, akapita Korogwe akaingia Handeni, na ndege zilimfuata nyuma zikitua popote palipofyekwa. Tanga mjini Waingereza waliingia tarehe 7 Julai.

Halafu kuna Vita vya Pili, ambavyo kwa Tanga watu huvipita haraka kana kwamba vilikuwa vya Burma peke yake. Aprili 1942 Wajapani walipiga Colombo na Trincomalee, na meli za kivita za Mwingereza zikahamia Kilindini, Mombasa. Zikahitaji viwanja vya kushushia ndege zake nchi kavu, na Tanga ilikuwa kimojawapo. Uwanja wa ndege za jeshi la majini hapa kwetu uliitwa HMS Kilele, maana wale jamaa kambi ya nchi kavu nayo huipa jina la meli.

Basi, kati ya mjomba na bibi, nani mwenye ndege?

#2 MtiMkavu

Humo ndani hawakuacha kasha? Nina mashine ya kupimia, tunagawana nusu kwa nusu.

#3 MzaliwaWaMuheza

Mkuu, rupia za dhahabu unazozitafuta zilipigwa Tabora mwaka 1916, kwenye karakana ya reli. Hapa ni mkonge na siafu.

#4 MtiMkavu

Na zebaki nyekundu je?

#5 FundiBati

Zebaki nyekundu haipo duniani, waulize waliouza mashamba wakainunue.

Mleta mada, mimi ni fundi, nasubu sufuria na miko kwa vyuma chakavu, kwa hiyo najibu kwa upande wa malighafi. Usimuulize bibi mwaka, muulize watu walibeba nini kwenda nacho nyumbani. BE2c ya 1916 ni mbao, waya na kitani kilichopakwa dawa kikakaza. Ikianguka huku kwetu, mchwa hawaachi mbao hata misimu miwili. Kitani kinaoza. Waya zinageuka mitego ya ngedere. Inabaki injini, na injini wenyewe waliirudia kwa sababu ya kubadilisha hawakuwa nayo.

Ndege nyingi za Vita vya Pili zina aluminiamu. Hiyo mchwa hawaili, haishiki kutu, na haikai porini kijiji kikiwa na kalibu. Inakuwa kijiko, kitana, sufuria. Kama bibi kakuta "mifupa" ya kubembea, basi ni chuma, na chuma ni Hitla. Mjomba alipe mbuzi.

#6 Marubani_na_Mawingu

FundiBati, mbuzi asubiri kwanza.

Mambo mawili. Moja, katika ndege za zile meli za kubeba ndege zilizohamia Kilindini, yaani Illustrious na Formidable, zilikuwemo Swordfish na Albacore. Hizi ni za mabawa mawili, juu na chini, Swordfish imevikwa kitambaa vilevile, Albacore kwenye mabawa, na mtu akiiona Swordfish mwaka 1943 anaweza kuapa ni ya 1916. Ila chini ya kitambaa cha Swordfish kuna mifupa ya chuma, si mbao. Fulmar na Martlet ndizo zilizokuwa bati tupu.

Mbili, na hapa ndipo mjomba anapumua: Henri Farman zile zilizokuja na kikosi cha 26 zilijengwa kwa mabomba ya chuma. Jeshi la Afrika Kusini lilizipenda kwa sababu hiyohiyo tangu Namibia mwaka 1915, maana mbao kwenye joto kali hujipinda na gundi huachia. Kwa hiyo mifupa ya chuma ingeweza kuwa ya 1916 na ikakaa shambani miaka ishirini na ushei, kama hakuna aliyeihitaji.

Malighafi peke yake haitoshi. Uliza injini ilikuwa wapi. Henri Farman ina injini na panga nyuma ya rubani, inasukuma, na mkia umeshikwa na fito ndefu. Swordfish ina injini mbele, kubwa, silinda tisa zimezunguka duara. Uliza pia watu. BE2c ni wawili, Swordfish hujengewa watatu: rubani, mtazamaji, na mpiga simu ya upepo ambaye ndiye huyohuyo mwenye bunduki.

#7 Nyuki_wa_Tanga

Sisi jeshi letu la anga lilikuwa na mabawa manne, mshale mmoja, na lilishinda. Msitusahau.

#8 BintiPangani

Shikamoo mleta mada. Huku kwetu pwani hadithi ni za ndege za maji, na nadhani zinachangia hizo za kwenu kuchanganyika.

Mwaka ule wa 1916 Mwingereza aliuteka mwambao kwa manowari, mji baada ya mji. Pangani Julai, Saadani tarehe 1 Agosti, Bagamoyo tarehe 15, Dar es Salaam tarehe 4 Septemba. Meli Himalaya ilikuwa na ndege zake za kutua majini. Wazee wa Bagamoyo walikuwa wakisimulia mlio wake kabla ya kuiona: unasikia ngurumo upande wa bahari na mawingu hayapo.

Ndege za pwani zilianza mapema zaidi, Rufiji, kwenye kuisaka manowari ya Mjerumani, Königsberg. Desemba 1914 rubani wa kukodi, Cutler, alishuka na ndege yake kwenye delta akakamatwa. Mwaka 1915 wakaleta Sopwith za maji, joto likazishinda: gundi ikaachia, panga zikabanduka, ndege hazipandi juu. Hatimaye walifanya uwanja Mafia, na tarehe 11 Julai 1915 ndege iliyokuwa ikielekeza mizinga ya meli za Mwingereza, Severn na Mersey, ikapigwa, ikaangukia mtoni karibu na meli zao wenyewe. Rubani Cull na mwenzake Arnold wakatoka wazima. Königsberg ikafa siku hiyohiyo.

Lakini inayoniumiza ni ya Januari 1917. Ndege ya maji kutoka Himalaya ilishuka kwenye ile delta kwa hitilafu, ikiwa na watu wawili, Moon na Bridgeman. Walihangaika siku kadhaa kwenye mikoko, hawana chakula, hawana maji ya kunywa, wanaogelea vijito vyenye mamba. Bridgeman akafa. Moon akachukuliwa mateka na Wajerumani. Mtu aliyeishi na mikoko anajua hiyo safari maana yake nini. Mzungu hata mwenye ramani kule anapotea.

Nasema hivi kwa sababu hadithi hizi zilisafiri na wapagazi na mabaharia. Mtu kaisikia Rufiji, anaisimulia Muheza, mjukuu anaipanda shambani kwao.

#9 Mwalimu_wa_Jioni

BintiPangani kagusa penyewe. Nyote mmeichukulia kama ndege moja inayogombewa na watu wawili. Mbona zisiwe mbili?

Babu wa mjomba alikuwa mpagazi kwenye njia ya Handeni 1916. Ndege za kikosi cha 26 zilikuwa zinaanguka mno kwenye msafara ule, mara nyingi bila hata kupigwa risasi: injini imechemka, uwanja mfupi, mti mbele. Mpagazi angeona ajali, na pengine angetumwa kubeba hiyo injini mabegani kuirudisha kambini. Angerudi kwao na hadithi ya kweli kabisa: ndege, shamba, moto. Hakusema ni shamba letu. Miaka ishirini na saba baadaye ndege nyingine inaangukia kwenye mkonge wa hapa. Watoto wanauliza, wakubwa wanasema "hata babu aliwahi kusimulia ndege". Kuanzia hapo hadithi mbili zinakaa kiti kimoja.

Nimefundisha historia muda mrefu, na wazee nimewakuta wanakosea tarehe na mahali kuliko wanavyokosea kitu chenyewe. Mzee akisema "palikuwa na harufu" mwamini. Akisema "ilikuwa pale kwenye mwembe" mwulize mara ya pili.

#10 Kaole_Juu

Mbona gazeti la wakati huo halikuandika kama ndege ilianguka Tanga? Mji si mkubwa hivyo.

#11 Mwalimu_wa_Jioni

Wakati wa vita nani angeandika? Habari za meli na ndege zilikuwa zinapita kwa mkaguzi, na manyambizi yalikuwa humuhumu Bahari ya Hindi. Agosti 1943 ndege aina ya Catalina zililizamisha moja, U-197, kusini ya Madagaska, na kikosi kimojawapo kati ya vilivyoliwinda kilihamia Dar es Salaam mwezi uliofuata. Huwezi kuandika kwamba uwanja wako wa siri umepoteza ndege.

Tena kumbukeni mkonge wenyewe ulikuwa mali ya vita. Wajapani walipochukua Ufilipino na visiwa vya Waholanzi mwaka 1942, kamba za meli zikawa zinategemea sana mkonge wetu. Watu wakakamatwa kwa amri kuja kukata. Nyapara aliyewatimua watoto hakuwa anaionea huruma ndege, alikuwa anahesabu matita.

#12 FundiBati

Na manamba asingeacha chuma kilale. Kambi nzima haina panga la maana.

#13 MzaliwaWaMuheza

Wakuu, nimetoka kwa bibi. Nilikwenda na maswali ya Marubani_na_Mawingu kichwani, sikumtajia mwaka wala aina. Nilimwacha aongee, nikawa nauliza katikati. Naandika alivyosema.

Injini hakuiona. Alipofika ilikuwa imeshaondolewa. Anasema ilipakiwa kwenye trole la mkonge, lile la reli ndogo linaloenda korona, yaani kiwandani, na waliosimamia ni Wazungu wenye kaptura nyeupe na soksi nyeupe. Si askari aliowazoea. Keya, yaani askari Waafrika wa Mwingereza, aliwajua kwa sababu kaka yake mkubwa alikuwa keya, na hawa si wao.

Watu hakuwaona. Alisikia tu kwamba mmoja alitembea mwenyewe mpaka kambini akaomba maji, na wanawake wakakimbia.

Harufu ndiyo anayoikumbuka kuliko vyote. Mafuta yalikuwa yamemwagika, miche ya mkonge imekauka duara zima, na mama yake alimkataza kushika nywele zake kwa mikono aliyogusia pale.

Halafu likaja hili ambalo sikuliuliza. Akaniambia: "Kitambaa chake kilikuwa kigumu, ukikikunja kinalia. Mama alikifanya pazia la bafu, akalifua wee mpaka likalainika, rangi ikatoka." Nikauliza rangi gani. Buluu. Nyekundu je? Hakumbuki nyekundu.

Mjomba alikuwa amekaa barazani anasikia yote. Akasema pazia halithibitishi kitu, akaondoka.

#14 Marubani_na_Mawingu

Mkuu, pazia linathibitisha zaidi ya injini.

Kitambaa cha bawa la 1916 kisingefika kwa mama yake bibi mwaka 1943. Mvua za Tanga, jua la Tanga, miaka ishirini na saba nje? Kisingebaki uzi. Kwa hiyo ndege ilianguka wiki au miezi kabla bibi hajaiona, si miaka. Mafuta kunuka ni hivyohivyo, na miche kukauka.

Rangi nayo. Alama ya ndege za Mwingereza ni duara: buluu nje, nyeupe, nyekundu katikati. Vita na Mjapani vilipopamba moto, ndege za upande wa Bahari ya Hindi zilianza kufutwa lile doa jekundu, kwa sababu Mjapani anachora duara jekundu na wenzako wanaweza kukutungua kwa kosa. Bibi kutokumbuka nyekundu si ushahidi, anaweza amesahau au kipande hakikuwa na katikati. Ila hakipingani na 1943.

Kaptura na soksi nyeupe ni mavazi ya jeshi la majini nchi za joto. Chuma chenye kitambaa, jeshi la majini, jirani na uwanja wao. Mimi naweka Swordfish au Albacore, na sitabishana na mtu kati ya hizo mbili mpaka nione kipande.

#15 BintiPangani

Na kitambaa wakati ule kilikuwa kigumu kupatikana. Bibi zetu wote wana hadithi ya kanga moja kuvaliwa kwa zamu dada na dada. Kitani cha bure kingeachwaje shambani? Mama yake bibi alikuwa mjanja.

#16 Musoma_Kwetu

Sisi huku tulizishuhudia za kwetu wenyewe, vita vya Kagera. Wapiga mizinga wa kulinda anga walizitungua ndege zetu kwa kosa, wakidhani ni za Amin. Marubani_na_Mawingu anaposema alama ilifutwa ili wasitunguane, namwelewa sana.

#17 Kaole_Juu

Swali la kisheria. Kama kipande bado kipo shambani, ni cha nani?

#18 Mwalimu_wa_Jioni

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vya kabla ya 1863. Cha 1916 au 1943 hakiingii humo chenyewe, mpaka waziri akitangaze. Ndiyo maana vingi vimeishia kwenye mizani ya chuma chakavu, na sheria hiyo haikuvunjwa. Kwa maoni yangu huo mwaka umepitwa na wakati, lakini huo ni uzi mwingine.

Jingine muhimu zaidi. Ndege za jeshi la majini zilibeba mabomu ya kawaida na ya kuzamishia manyambizi. MtiMkavu na mashine yake wanisikilize: ukigonga chuma chenye umbo la mtungi chini ya ardhi, acha sururu palepale, ita polisi. Usikipasue kutafuta shaba.

#19 MtiMkavu

Nimesikia mwalimu. Nimeshaiuza mashine.

#20 MzaliwaWaMuheza

Kwa wanaouliza naendeleaje. Njia niliyoonyeshwa na wadau huku pembeni ni makaburi. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya kila askari wake aliyezikwa, pamoja na waliolala makaburi ya Wazungu hapa Tanga, na tarehe ya kufa imo. Nachambua wa jeshi la majini tu, 1942 hadi 1944. Kama wote walitoka wazima siku ile, nitakosa jina, itabidi kumbukumbu za kikosi zilizoko London. Nitapita pia makumbusho ya Urithi pale boma la zamani, huenda kuna picha ya uwanja.

Na mjomba nimempelekea wazo la ndege mbili. Amekubali nusu. Anasema kama ni mbili basi ya kwanza ni ya babu yake na ndiyo kubwa.

Ombi langu: mwenye mzee Ngomeni, Mlingano, Pongwe au Kigombe, usianze kumtajia Hitla wala Mjerumani. Muulize watu walichukua nini pale na walikitumia kwa kazi gani.

#21 BintiPangani

Nimemuuliza babu mdogo, upande wa Kigombe. Anasema kwao hakuanguka mtu, ila kuna bomba jepesi lililotoka "kwenye ndege ya huko Muheza", babu yake alilinunua kwa kibaba cha mchele, na mpaka leo ndilo linaloshikilia kamba ya kuanikia samaki. Nimelipima kwa sumaku ya spika ya redio: bomba lenyewe halivuti, ila pingili ya mwisho inavuta. Kuna namba zimegongwa, zimefunikwa na rangi ya mashua. FundiBati, nitaitoaje rangi bila kufuta namba?

#22 FundiBati

Usikwangue kwa kisu wala msasa. Pata dawa ya kuondolea rangi au tina, loweka kitambaa, kifunge palepale kwenye namba, funika kwa nailoni usiku kucha. Asubuhi futa taratibu kwa mswaki wa zamani. Halafu piga picha jua likiwa limelala, si mchana, ili namba zitoe kivuli. Tupia hapa.